Kiyunani cha Mimbarini

Siku hizi mahubiri hayanogi bila Kiyunani. Mhubiri akishasoma andiko, akanyamaza kidogo, waumini wanajua kinachofuata: "Sasa neno hili, ukienda kwenye lugha ya asili..." Kalamu zinatoka, madaftari yanafunguliwa, na aliyekuwa anasinzia benchi la nyuma anainua kichwa. Neno linatajwa mara mbili, polepole, kisha linapewa maana ambayo hakuna aliyewahi kuiona katika Biblia yake ya Kiswahili. Kanisa zima linaitikia amina.

Kiu hiyo naielewa. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, isipokuwa sehemu chache, hasa za Danieli na Ezra, zilizo katika Kiaramu. Agano Jipya ni Kiyunani cha karne ya kwanza, kile cha sokoni na cha barua za watu wa kawaida. Anayetaka kujua mwandishi alimaanisha nini ana haki ya kurudi huko. Ninachobishia ni njia tunayopita. Kiyunani kinachotufikia mimbarini, mara nyingi, kimekuja kwa Kiingereza, kimebeba majibu ya maswali ya wasomaji wa Kiingereza. Tunakimeza kama kilivyo, na wakati huohuo tunayaruka mambo ambayo Biblia ya Kiswahili inayaonyesha waziwazi kuliko hiyo ya Kiingereza.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1890 Mmarekani James Strong alichapisha faharasa ya Biblia ya Kiingereza ya King James, akalipa kila neno la Kiebrania na la Kiyunani namba yake. Ilikuwa kazi ya jasho, na bado ina faida kubwa: unaweza kufuata neno moja kila lilikotokea. Leo namba zile ziko kwenye programu za simu. Unagusa neno, inashuka orodha ya maana. Ila orodha hiyo kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya jinsi watafsiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 walivyolitafsiri neno hilo katika mistari tofauti. Kuchagua humo maana inayonogesha ujumbe wa Jumapili, ukaiingiza katika mstari wowote, ni kumfanya Paulo aseme maana zote kwa mpigo.

Kosa la pili linahusu asili ya maneno. Watu wanadhani maana ya kweli ya neno ni ile liliyozaliwa nayo. Neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani, nao walilipata kwa Kilatini, nacho Kilatini kililichukua kwa Kiyunani, ambako skhole maana yake ilikuwa wasaa, mapumziko. Nenda kamwambie mwanafunzi wa kidato cha nne anayeamka saa kumi alfajiri kwamba "maana halisi" ya shule ni kupumzika. Mwaka 1961 mtaalamu wa Kiebrania kutoka Uskoti, James Barr, aliandika kitabu kizima kuishambulia tabia hii katika masomo ya Biblia, na hoja yake kuu haijapinduliwa: maana iko katika sentensi na matumizi. Neno likiwa peke yake kwenye kamusi halihubiri chochote.

Mifano ni ile tunayoisikia kila wiki. Dunamis, nguvu, tunaambiwa "ndimo linamotoka neno dinamiti, kwa hiyo injili ni mlipuko." Alfred Nobel aliipa dinamiti jina hilo mwaka 1867. Paulo angewezaje kuwaza baruti ya Nobel? Neno hilohilo liko katika mfano wa talanta, Mathayo 25:15, ambako bwana aliwagawia watumwa wake mali "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake." Hapo hakuna kinacholipuka. Ni uwezo tu wa mtu kufanya biashara.

Kisha kuna logos na rhema. Logos, tunafundishwa, ni neno lililoandikwa, la watu wote. Rhema ni neno la kwako binafsi, la moto, la leo. Huduma nzima zimejengwa juu ya tofauti hii. Soma 1 Petro 1:23 hadi 25. Katika mstari wa 23 Petro anasema tumezaliwa mara ya pili kwa neno la Mungu lenye uzima, lidumulo, na Kiyunani ni logos. Mistari miwili mbele anasema neno la Bwana hudumu hata milele, na Kiyunani ni rhema. Ni neno lilelile. Amebadili kwa sababu ananukuu Isaya 40:8 kutoka tafsiri ya kale ya Kiyunani, ambayo ilitumia rhema. Waliotutafsiria kwa Kiswahili waliweka "neno" mara zote mbili. Walikuwa sahihi.

Lakini hakuna iliyoenea kama tofauti ya agape na phileo, maneno mawili ya Kiyunani ya kupenda, na hapa inafaa tukae kidogo. Yohana 21: Yesu anamwuliza Petro mara tatu, "wanipenda?" Mara mbili za kwanza Kiyunani cha Yesu ni agapao, kitenzi cha agape, Petro anajibu kwa phileo, mara ya tatu Yesu naye anatumia phileo. Mahubiri yanajitengeneza yenyewe: Yesu anadai upendo wa kimungu, Petro anaweza kutoa urafiki tu, mwishowe Yesu anashuka kiwango. Inagusa moyo. Tatizo ni Yohana mwenyewe. Katika 3:35 Baba ampenda Mwana, agapao. Katika 5:20 Baba ampenda Mwana, phileo. Je, kati ya sura ya tatu na ya tano upendo wa Baba ulipungua? Paulo naye, akilalamika kwamba Dema amemwacha "akiupenda ulimwengu huu wa sasa" katika 2 Timotheo 4:10, anatumia agapao. Na katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya 2 Samweli 13, tamaa ya Amnoni kwa dada yake Tamari, ile iliyoishia katika ubakaji, imeandikwa kwa agapao vilevile. Upendo wa kimungu huo?

Angalia pia kinachotokea katika mistari hiyohiyo ya Yohana 21. Yesu anasema "lisha wana-kondoo wangu," kisha "chunga kondoo zangu," kisha "lisha kondoo zangu." Maneno yanabadilika huku na huku. Ni mtindo wa mwandishi, ladha ya kutorudia. Hakuna mhubiri niliyemsikia akijenga fundisho juu ya tofauti ya kulisha na kuchunga katika mazungumzo hayo. Kilichomhuzunisha Petro Yohana anakitaja bila kificho: alihuzunika kwa kuwa aliulizwa mara ya tatu. Mara tatu, kwa mtu aliyekana mara tatu karibu na moto wa makaa. Huhitaji Kiyunani kuliona hilo, na ukikikimbilia Kiyunani unaweza usilione kabisa.

Sasa twende upande ambao Kiswahili kinatupa bure. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa "wewe" na "ninyi." Kwa hiyo msomaji wake hawezi kujua kama anayesemeshwa ni mtu mmoja au umati, mpaka mwalimu amfungulie lugha ya asili. Sisi tunajua kwa kusoma tu. Luka 22:31-32, Biblia ya Union: "Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta... lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Ninyi, kisha wewe. Mitume wote wanatiwa kwenye ungo, na mmoja anaombewa ili baadaye awaimarishe wenzake. Kiyunani kinasema hivyohivyo. Kiswahili kimeihifadhi tofauti hiyo tangu chapa ya Union ya 1952, na hatuioni.

Ona tulivyoifanya Yeremia 29:11. Iko kwenye kalenda za ukutani, kwenye vioo vya daladala, kwenye kadi za mahafali. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ninyi mara mbili, tena "siku zenu." Mhubiri anaisoma kwa wingi, halafu anakunjua kidole: "Mungu anakuwazia WEWE, mwaka huu, kazi yako, nyumba yako." Hao "ninyi" ni nani? Mstari wa kwanza wa sura unajibu: wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadreza aliwachukua mateka kutoka Yerusalemu mpaka Babeli. Ni barua. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda. Wa 6, waoe, waoze. Wa 10 unataja muda: miaka sabini. Mtu mzima aliyeipokea barua ile alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa Babeli. Tumaini lilikuwa la taifa, la wajukuu.

Na sura ya 28, ile ambayo hakuna anayeibandika kwenye kioo cha gari, inamleta nabii mwingine, Hanania. Yeye alikuwa na ujumbe mtamu zaidi: ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa, vyombo vya hekalu vitarudi, mateka watarudi. Akaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Nikisikia 29:11 ikihubiriwa kama ahadi ya kufunguliwa kabla ya Desemba, namsikia Hanania akihubiri kwa andiko la Yeremia.

Hilo neno "amani" hapo ni shalom. Ndilo linalorudi mara tatu katika mstari wa 7, ambapo mateka wanaambiwa wautakie amani mji wa maadui zao, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Shalom ni pana kuliko kutokuwepo vita. Katika 2 Samweli 11:7 Daudi anamwuliza Uria habari za Yoabu, za watu, na za vita, na Kiebrania kinasema aliuliza shalom ya Yoabu, shalom ya watu, na shalom ya vita. Amani ya vita ni kitu gani? Lakini Mswahili anaweza kuuliza, "Vita vinaendeleaje, salama?" na hakuna atakayeshangaa. "Salama" ni ndugu wa shalom, kupitia Kiarabu, na bado inafanya kazi ileile: kuulizia hali. Mateka waliambiwa wautakie mji usalama wa namna hiyo: soko likae sawa, mvua inyeshe, watoto wakue.

Msomaji mwerevu atanishika hapa: si nimetoka kukataza kuchimba asili ya maneno? Kweli. Undugu wa maneno hauthibitishi maana. Unatupa tu mahali pa kuanzia kuuliza, na jibu lazima litoke katika matumizi. Tujaribu hivyo kwa "imani," neno ambalo pengine limeumia kuliko yote katika makanisa yetu.

Kwa wengi imani sasa ni nguvu ya kichwani: kuwa na uhakika wa kitu mpaka kitokee. Ukikosa, "imani yako ilikuwa ndogo." Mgonjwa asiyepona anabeba ugonjwa na lawama pamoja. Habakuki 2:4, msingi wa hoja ya Paulo katika Warumi na Wagalatia, inasema mwenye haki ataishi kwa imani yake, na neno la Kiebrania ni emunah. Neno hilo linatokea mapema kabisa katika Kutoka 17. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa yuko juu ya kilima ameinua mikono. Mikono inakuwa mizito. Haruni na Huri wanamwekea jiwe akalie, wanaitegemeza mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, "mikono yake ikathibitika hata jua lilipokuchwa." Hapo kwenye "ikathibitika" Kiebrania kina emunah. Mikono ya mzee iliyotulia mahali pake kutwa nzima, tena kwa kushikiliwa na wengine.

Irudishe sasa kwa Habakuki. Mstari wa 3 unamwambia kuhusu njozi: ijapokawia, ingojee. Halafu ndipo linakuja neno la mwenye haki na imani yake. Ni kusimama mahali pale wakati jibu limechelewa. Neno la Kiyunani la imani, pistis, linabeba upana huohuo. Paulo anapouliza katika Warumi 3:3 kama kutokuamini kwa watu kutaubatili uaminifu wa Mungu, hilo "uaminifu" ni pistis, neno analolitumia kwa imani. Mungu hana haja ya kuamini kwa nguvu mpaka kitokee. Mungu ni mwaminifu. Na tazama tulichonacho mdomoni kila siku: imani, kuamini, uaminifu, mwaminifu, amana, amina. Tunasema mtunza hazina wa kikundi ni mwaminifu, mali tunampa kama amana, maombi tunayafunga kwa amina. Msomaji wa Kiingereza anahitaji saa nzima ya darasa kuunganisha kitenzi chake cha kuamini, believe, na neno lake la uaminifu, faithfulness, maana hayafanani kwa sura. Sisi tunazaliwa nayo yakiwa ukoo mmoja, halafu tunaagiza mafundisho ya imani yaliyoyatenganisha.

Si kila mahali Kiswahili kinatubeba. Kuna mahali kinatuangusha, na harusi zetu ni ushahidi. Mwanzo 2:18, "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Katika Kiswahili cha leo msaidizi ni mtu wa chini: mhasibu msaidizi, msaidizi wa nyumbani. Kwenye sendofu bibi harusi anasomewa mstari huu kama barua ya ajira. Neno la Kiebrania ni ezer. Zaburi 121:2, "Msaada wangu u katika Bwana," ni neno hilohilo. Ebenezeri, jiwe la Samweli, limo. Jina la Eliezeri, mwana wa Musa, limo. Mara nyingi katika Agano la Kale anayeitwa ezer ni Mungu mwenyewe. Na lile "wa kufanana naye," kenegdo, lina picha ya mtu aliyesimama mkabala na mwenzake, uso kwa uso.

Kuna waliolisikia hilo wakaruka ng'ambo ya pili: ezer ni shujaa wa vita, kwa hiyo mke ndiye mwokozi wa mume. Hapana, nalo ni lilelile la kujaza neno kuliko uwezo wake. Isaya 30:5 inatumia ezer kwa Misri, msaada ambao hautamfaa mtu. Neno halisemi msaidizi ni mkubwa wala mdogo. Linasema tu kwamba yule mwingine peke yake hawezi. Atakayetaka kuthibitisha cheo cha mke kwa Mwanzo 2:18 itabidi akitafute kwingine.

Kinachochekesha ni kwamba Biblia ya Union inampa Roho Mtakatifu cheo hichohicho. Yohana 14:16: "naye atawapa Msaidizi mwingine." Herufi kubwa, lakini neno lilelile la Hawa. Sijawahi kusikia Roho Mtakatifu akiambiwa akae jikoni. Hapo Kiyunani ni parakletos, anayeitwa asimame upande wako, na "mwingine" linauliza swali: wa kwanza ni nani? Yohana anajibu katika waraka wake, 1 Yohana 2:1, kwamba tunaye parakletos kwa Baba, Yesu Kristo. Ila hapo watafsiri waliweka "Mwombezi," na uzi ukakatika. Neno hili linazua mengi pia katika mihadhara ya Waislamu na Wakristo, ambako husemwa asili yake ilikuwa periklutos, msifiwa. Hakuna nakala ya Kiyunani ya Yohana iliyopatikana yenye neno hilo. Lakini Wakristo wanaocheka hoja hiyo Jumamosi uwanjani ndio wanaofundishwa dinamiti Jumapili asubuhi.

Mahali pengine uzi umekatika ni Yohana 3:8, "Upepo huvuma upendako," hadi "aliyezaliwa kwa Roho." Upepo na Roho ni pneuma yote mawili, Yesu anacheza na neno moja. Kiswahili hakiwezi kulinasa, hivyo hapo mwalimu anayejua Kiyunani anastahili kalamu na madaftari yale.

Anastahili pia kwenye "Mwana wa Adamu," ambalo wengi tumefundishwa kwamba ni jina la ubinadamu wa Yesu, kinyume cha Mwana wa Mungu. Katika Ezekieli, Union inatafsiri maneno ya Kiebrania ben adam kwa "mwanadamu," na katika Danieli 7:13 anakuja na mawingu ya mbingu "mmoja aliye mfano wa mwanadamu." Ikifika kwenye injili, inaandika "Mwana wa Adamu." Msomaji anadhani ni vitu viwili. Soma Danieli 7:13-14, yule mfano wa mwanadamu akipewa mamlaka, utukufu na ufalme, mataifa yote na lugha zote zimtumikie. Kisha fungua Marko 14:62, Yesu amesimama amefungwa mbele ya baraza: "Nanyi mtamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu, akija na mawingu ya mbinguni." Kuhani Mkuu akararua nguo zake, akauliza wana haja gani tena ya mashahidi. Mtu aliyedai tu kwamba ni binadamu asingemfanya kuhani ararue nguo zake.